Mizizi Iliyogawanywa Evere

Kosa la Kasoki lilikuwa kupita mlango wa mbele na mfuko mkononi, tena mchana kweupe, tena huku anacheka. Mtu wa Butembo, kule Kongo, aliyelelewa vizuri anajua kwamba ukitoka safari na mfuko, ukishavuka kizingiti mfuko ule si wako. Wenye nyumba wataufungua, waliokuwepo watapewa, na wasiokuwepo watawekewa fungu lao. Kasoki aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini miaka ya chuo kikuu cha Brussels ilikuwa imemtia kichwani wazo la ajabu, kwamba kitu kikiandikwa jina na tarehe kwa wino usiofutika, watu watakiacha.

Ndani ya mfuko mlikuwa na mimea mitatu na mchanga wake, aliyoing'oa Ijumaa ile kwenye pwani ya Ubelgiji huku upepo ukimpiga mchanga wa macho. Mimea yenyewe haikumshughulisha sana. Alichokifuata kilikuwa ndani ya mizizi: kuvu ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, zinazoingia mzizi ungali mchanga na kukaa humo maisha yao yote. Hazina undugu wa karibu na zile za kuharibu mkate. Hizi, kwa jinsi wataalamu wanavyoeleza, aghalabu huusaidia mmea kuvumilia chumvi, kiu, na mchanga usiotulia mahali pamoja. Mzizi mwembamba kama uzi unaweza kuwa na wapangaji wa aina nyingi, na wengine hawajapewa hata jina. Kasoki alikuwa amejitwika kazi ya kuwatambua, na akifaulu ataitwa daktari wa falsafa, ingawa kule kwao mama yake alikwisha kuwatangazia watu muda mrefu.

Mmea wa kwanza ulikuwa oyat, yale majani marefu magumu yanayoshika vilima vya mchanga visipeperuke. Wa pili ulikuwa salicorne, kimmea cha matope ya chumvi, kisicho na majani bali vidole vinene vya kijani. Wa tatu ndio uliokuwa roho yake: chardon wa baharini, mmea wa miiba wenye rangi ya buluu iliyofifia, unaolindwa na sheria. Kibali kilimruhusu kuchukua mmoja tu, mmea mchanga, na mzizi wake mzima. Sura nzima ya utafiti wake ilisimama juu ya mzizi ule, kwa maana alitaka kujua kama wapangaji wa juu, karibu na jua, ndio hao hao wa chini kabisa.

Alipofika Brussels maabara ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu, na mwezi wa Agosti walinzi hawajadiliani na mtu. Basi akaupeleka mfuko nyumbani Evere, kwa mama yake mdogo, Maman Anne-Marie, akautia kwenye frigo. Na kwa kuwa palikuwa na nafasi, akautia kwenye droo ya mboga. Mtu mwenye shahada mbili.

Jumamosi alikwenda kazini kwenye duka la viatu la Chaussée d'Ixelles, ambako huuzia watu viatu visivyowaenea kwa sababu wenyewe wamevitaka hivyo. Aliporudi alasiri, nyumba ilinuka mawese na samaki wadogo wa ndagala, na Maman Anne-Marie alikuwa anaimba. Kasoki akafungua frigo kunywa maji. Droo ya mboga ilikuwa tupu, imefutwa, inang'aa.

"Maman," akaita. "Mufuko yangu iko wapi?"

"Ile ya bahari? Tulishaigawanya."

Kasoki akashika mlango wa frigo.

"Maman Aziza alipitia hapa," Maman Anne-Marie akaendelea, akikoroga chungu. "Na tonton Mwamba naye alikuya kusalimia. Bon. Batu bako mu nyumba, frigo iko na vitu ya safari. Batoke mikono mitupu? Bangesema nini juu yangu?"

"Lakini jina langu ilikuwa juu yake."

"Niliona. Njo maana nilijua ni yako. Ingekuwa ya mutu mwingine singeigusa hata kidogo."

Hoja hiyo haikuwa na pa kuingilia. Kasoki akaizunguka pande zote, akaiacha. Akauliza kila kitu kimekwenda wapi, moja moja, kwa sauti ya mtu anayeulizia majeruhi. Oyat alipewa Tonton Mwamba, maana yeye ni mwanaume na majani yale ni magumu. Ile ya miiba aliiomba Maman Aziza wa ghorofa ya tatu, aliipenda mwenyewe. Na ile ya vidole vidole ilikuwa chunguni.

"Chumvi hata sikutia," Maman Anne-Marie akasema kwa kuridhika. "Ilikuya na yake."

"Na mizizi?"

"Mizizi gani? Alors kule chuo munakula mizizi ya majani?"

Alielekeza mwiko kwenye mfuko wa rangi ya chungwa, ule wa mabaki ya jikoni, uliokuwa barazani ukingoja siku ya taka. Kasoki akapiga magoti. Akatoa maganda ya ndizi, akatoa vichwa vya samaki, akatoa kitu ambacho hakutaka kukijua, mpaka akaipata mizizi ya salicorne imejikunja chini kabisa, imevaa majani ya chai. Jirani wa ng'ambo alikuwa anamwangalia huku anamwagilia maua yake. Maman Anne-Marie aliona jirani anaangalia, akafunga pazia.

"Sasa yule atasema sikupe chakula," alisema.

Kasoki akamweleza kwamba hakuna kilichoharibika hapo. Mizizi huoshwa kwanza, kwa alkoholi kisha kwa javel, dawa ya kung'arishia nguo, kisha kwa maji safi mara nyingi, ili kila kilichoko nje kife, na kinachobaki hai ni kile kilichojificha ndani. Kichwa cha samaki kilikuwa cha nje. Maman Anne-Marie alisikiliza, akauliza ni javel ya aina gani, na alipotajiwa akasema ile ni ya watu wasiojua kusafisha. Kisha akamwekea sahani. Kasoki alikula sehemu ya utafiti wake kwa hasira, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba ilikuwa tamu, akaomba tena.

Alipomaliza alipanda basi, kisha tramu, mpaka mtaa wa Forest kwa Tonton Mwamba. Mzee huyu hakuwa mjomba wake wa damu. Alikuwa tonton wa kila mtu wa Kivu aliyewahi kufika Brussels bila koti. Alikagua milango ya magari kiwandani hapo Forest kwa miaka mingi, hadi kiwanda kilipofungwa, na tangu siku ile alikuwa anakagua kila kitu kingine: lifti, ngazi, takataka za majirani, ndoa za watu. Mtu wa namna hiyo ukimpa majani bure, lazima atayapatia kazi.

Na kweli alikuwa ameyapatia. Ufagio ulikuwa umesimama kando ya mlango, umefungwa kwa waya, umekatwa sawasawa kwa mkasi.

"Angalia kwanza vile iko droit," Tonton Mwamba alisema. "Hapa Belgique haupate balai ya kufagilia ya hivi. Hizi majani munauza bei gani?"

"Tonton, mizizi yake iko wapi?"

Tonton Mwamba aliuweka ufagio chini. Kisha akaenda chumbani, akarudi na chupa ya mdomo mpana, akaiweka mezani taratibu. Mizizi ya oyat ilikuwa inaogelea ndani ya kitu cha rangi ya kaharabu.

"Ni dawa juu ya mugongo," akasema, kabla hajaulizwa.

"Hii ni whisky?"

"Quarante pour cent, ya kweli, si ya ile ya promotion. Ile mizizi inatoka mahali mugumu, si ndiyo? Inasimama mu mchanga, mu upepo, haianguke. Donc nilisema iko na kitu." Akakohoa. "Ya mugongo."

Ukiondoa mgongo, hilo ndilo neno lile lile Kasoki alilokuwa ameliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa utafiti wake kwa Kifaransa kizuri. Akatoka barazani, akampigia simu profesa wake, Antoine, ambaye alikuwa likizo na sauti ya mawimbi nyuma yake. Akamweleza yote.

"Whisky ya asilimia ngapi?" Antoine akauliza.

"Arobaini."

Antoine akavuta pumzi. Kuvu za kuoteshwa kwenye sahani, akasema, hizo zimekufa, tuziombee. Lakini vinasaba vyao huenda bado vinasomeka, kwa hiyo aitie mizizi kwenye alkoholi kali Jumatatu asubuhi, na jambo hilo waliandike kwa maneno ya heshima. Mizizi ya salicorne sawa. Na chardon?

"Nakwenda kuuchukua kesho."

"Mzima?"

"Mzima."

"Kasoki, ule hatupewi tena," Antoine akasema, na safari hii alisema kwa upole, jambo ambalo lilimtisha msichana kuliko kama angefoka. Bila mzizi mzima sura ile inaanguka. Na ikianguka, yeye Antoine hana la kuwaambia wale wanaolipia masomo yake ili wamwongezee mwaka uliobaki. Angejitahidi, lakini hakuwa na la kuwaambia.

Kasoki akarudi ndani. Tonton Mwamba alikuwa ameshaandaa fufu, ule ugali wa muhogo. Akakubali kuitoa mizizi kwa sharti kwamba whisky ibaki, kwa kuwa yenyewe haikutoka baharini, akammiminia kidogo tu kwenye kichupa ili mizizi isikauke njiani. Kichupa kilivuja. Kwenye tramu mama mmoja alimhamisha mwanawe kiti, na Kasoki alikaa ameshika ufagio aliozawadiwa, ananuka baa, anajaribu kuonekana kama mtu wa sayansi.

Jumapili asubuhi alipanda hadi ghorofa ya tatu, na koleo dogo la bustani ndani ya mkoba. Maman Aziza alikuwa mjane wa Bujumbura, mwembamba, mwenye kutunza kila kitu: wazee wa nyumba ya wazee alikofanya kazi, paka wa jirani, na kope zake. Alimkaribisha Kasoki kwa chai ya maziwa na sambusa. Kasoki alikuwa ameapa kutokula tena kwa mtu. Alikula sambusa nne, kisha akaeleza shida yake.

Maman Aziza akaweka kikombe chini.

"Masikini mwanangu. Mimi nilidhani ni ua."

"Uko wapi, maman? Uko hai?"

"Uko hai. Nimempelekea Chande."

Chande alikuwa mumewe. Alizikwa mwaka uliopita kwenye makaburi ya pale pale Evere, upande wa Waislamu, mwendo wa basi moja. Wakaenda pamoja. Njiani Maman Aziza alieleza kwamba kaburi linatakiwa liwe na kitu kibichi juu yake, kilicho hai, kwa kuwa kibichi kinamsabihi Mungu na maiti anapata nafuu. Ndivyo walivyofundishwa Buyenzi, mtaani kwao Bujumbura, na ndivyo ilivyo. Lakini udongo ule ulikuwa wa kokoto na mabaki ya matofali. Alipanda waridi, zikafa. Alipanda mnanaa, ukafa, na mnanaa ni mmea ambao hata ukiutukana unaota. Alipanda kile walichomshauri dukani, ghali, chenye maelezo kwa lugha tatu, kikafa kabla ya Iddi.

"Nikaanza kufikiri labda ni Chande mwenyewe hataki," alisema. "Alikuwa hapendi kupangiwa. Nikauona ule wako wa miiba mle ndani ya frigo, umekasirika hivi, nikasema huyu na Chande watapatana."

Chardon ulikuwa umesimama katikati ya kaburi, rangi yake ya buluu juu ya kokoto, hata jani moja halijalegea. Kasoki aliutazama akaona aibu, kwa sababu moyo ulimruka kwa furaha kama mtu aliyemwona mtoto wake stesheni. Akapiga magoti. Akatoa koleo.

"Ng'oa, mwanangu," Maman Aziza alisema. "Ni wako. Anne-Marie hakufanya vizuri kugawa kitu cha mtu." Kisha akainama kidogo upande wa kichwani mwa kaburi. "Chande, utusamehe, ni mambo ya shule."

Angekataa ingekuwa rahisi. Kasoki alikuwa amejiandaa kwa kukataliwa, alikuwa na hoja za kibali na hoja za mwaka uliobaki, hata machozi alikuwa nayo tayari. Hakujiandaa kwa mtu anayempa, halafu anajipangusa mikono na kusimama kando ili asimzuilie mwanga.

Akachimba polepole kuuzunguka mzizi. Udongo ulikuwa mbaya kweli.

"Hao wadudu wako wako wapi?" Maman Aziza akauliza.

"Si wadudu, maman. Ni kuvu. Wako ndani ya mzizi, hauwezi kuwaona."

"Wanaula?"

"Hapana. Wale wazuri wanausaidia. Mmea unawapa sukari, wao wanautafutia maji na chakula. Bila wao mchangani kule ungekufa."

Maman Aziza akatafakari. "Kwa hiyo zile waridi zangu hazikuwa na mtu."

"Labda."

"Na huyu amekuja na watu wake."

"Ndiyo, maman. Wote."

Mjane akachuchumaa upande wa pili wa mmea, magoti yakalia. Akaushika kwa vidole viwili mahali pasipo na miiba, kama anavyoshikwa mtoto anayepigwa sindano.

"Udongo huu si wao," alisema. "Watakaa?"

Hapo ndipo elimu ya Kasoki ilipofika mwisho. Akasema kweli, kwamba hajui. Huenda wengine wakafa na wengine wakabaki, huenda wa huku wakahamia kwao. Maman Aziza akatikisa kichwa.

"Tulipofika, Chande alinikataza kununua kabati," alisema. "Alisema tutarudi karibuni, kabati tutalipeleka wapi. Tukakaa na nguo kwenye valizi miaka sita. Kila asubuhi napiga pasi shati moja lile lile limejikunja. Siku moja nimerudi kazini nakuta kabati, kubwa, haliingii hata mlango wa chumba, limesimama sebuleni. Hakusema neno. Wala mimi sikumuuliza. Ndivyo nilivyojua tumehamia."

Akacheka kidogo, na kicheko kikamkatikia njiani. Bado alikuwa ameshika mmea. Kasoki alihesabu kichwani yale atakayopoteza: sura, mwaka, na pengine ile picha ya kofia ya mahafali ambayo mama yake kule Butembo alikwisha kuinunulia fremu. Aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Akatoa kisu kidogo cha maabara kwenye kasha lake, akakata kipande cha mzizi wa pembeni, urefu wa kidole, akakitia kwenye kichupa. Kisha akaanza kurudisha udongo.

"Mbona unafukia?"

"Nimepata, maman."

"Ndicho hicho tu? Anne-Marie alisema unataka wote."

"Kinatosha."

Maman Aziza alilea watoto watano na wazee wasiohesabika, na uongo mdogo kama ule alikuwa anaujua hata ukiwa umegeuka mgongo. Alikwenda bombani akarudi na maji kwenye chupa ya soda, akayamwaga kuzunguka shina, akabana kokoto kwa kiganja. Wakakaa pale, mmoja akiomba kwa Kiarabu na mwingine akiwa ameinamisha kichwa kwa desturi ya kanisani kwao, maana hakujua afanye nini kingine.

Simu ikalia ujumbe walipokuwa wanatoka getini. Ni Antoine. Alitaka kujua kama chardon umepatikana.

Kasoki aliandika kwamba amepata kipande kimoja cha mzizi wa pembeni, na mwingine hawezi kuuleta. Mmea umepandwa, uko hai, na una mwenyewe.

Jibu lilikuja haraka, na hasira yake ilisomeka hata kwenye herufi. Mwenyewe ni nani, aliuliza Antoine, na ampe namba yake ili azungumze naye leo leo.

Kasoki alisimama kando ya njia. Maman Aziza alikuwa ametangulia kituoni, anamwita kwa mkono, basi linakuja. Akaandika: "Ni bwana mmoja wa Bujumbura. Hapokei simu."